Betri Nayo Ina Float Yake: Kuishi na Sola Kisii na Nyamira

Kama unasoma makala haya jioni na simu yako imebaki na chaji ya asilimia 9, pole. Yasome haraka, au uyaache hadi kesho jua likishatoka, maana tunachotaka kuzungumzia leo ni hicho hicho: chaji, na mahali inakopotelea.

Hivi karibuni tulikuwa tukitembelea mawakala wetu upande wa Keroka, ule mji wenye mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira, kisha tukaendelea hadi sehemu za Borabu. Kwenye kituo kimoja kidogo, hatua chache kutoka kwa mashamba ya majani chai, tulimkuta wakala ambaye hakutaka jina lake liandikwe. Tutamwita Mama Duka. Nguzo za stima anaziona akisimama mlangoni, lakini ziko ng'ambo ya bonde. Yeye anaishi na kufanya kazi kwa sola: paneli moja ya wati 100 juu ya mabati, betri moja chini ya kaunta, na inverta ndogo ya kuwashia tivi.

Alitusimulia usiku mmoja wa mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Saa mbili unusu usiku jirani yake akaja mbio. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, gari limepatikana, dereva anataka pesa taslimu, na huyo jirani ana pesa kwa simu tu. Simu ya duka ilikuwa imezima. Taa ya duka nayo ilikuwa imezima. Bila ujumbe kuingia kwa simu ya duka, wakala hawezi kumpa mtu pesa, hata awe ndugu. Jirani alitembea kwa matope hadi soko la pili.

"Pesa zilikuwa kwa droo," Mama Duka alituambia. "Float ilikuwa kwa simu. Kilichokosekana ni chaji."

Mama na mtoto walifika salama, ashukuriwe Mungu. Lakini maneno hayo tulirudi nayo ofisini. Kila mara tunawafundisha mawakala kuhusu float: usiiache ishuke hadi sufuri, zijue saa za wateja wengi, ongeza kabla hujaishiwa. Hakuna siku tuliwahi kukaa na wakala tukamuuliza kuhusu float ya betri yake. Kwa hivyo leo tunalipa deni hilo, na si kwa mawakala pekee. Ukiwa na sola nyumbani, hesabu ni ile ile.

Daftari la Mama Duka

Betri yake imeandikwa 12V 100Ah. Zidisha 12 kwa 100 upate wati-saa 1,200. Usiogope hilo neno: taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa moja, imekula wati-saa 5. Ikiwaka saa nne, imekula 20. Basi.

Ila usishangilie hiyo 1,200. Betri ya asidi, ile ya kawaida kwenye maduka yetu, haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiifikisha huko kila usiku na isijazwe vizuri mchana, fuwele ngumu hujijenga juu ya bamba zake za ndani, na uwezo wake wa kushika chaji unapungua polepole bila wewe kuona. Kwa hivyo pesa ambazo Mama Duka anaweza kutoa ni 600. Hizo 600 nyingine ni kama ile float ambayo wakala mwenye akili haigusi.

Tulichukua daftari la mtoto wake wa darasa la sita tukaandika kila kitu. Tivi ya wati 25 kwa saa tano: 125. Dekoda ya wati 12 kwa saa hizo hizo: 60. Taa nne za wati 5, saa tano kila moja: 100. Simu za nyumbani na za duka, simu janja mbili na kabambe mbili: kama 50 hivi. Redio, inayoanza kulia saa kumi na moja asubuhi: 30. Jumla 365. Mama Duka akatabasamu. "Si mnaona bado niko chini ya 600?"

Kisha tukamuuliza inverta huzimwa saa ngapi. Akatuangalia kama watu waliouliza kanisa huzimwa saa ngapi. Inverta haikuwa imezimwa tangu siku fundi alipoifunga.

Hapo ndipo penye shimo. Inverta hugeuza umeme wa betri wa volti 12 uwe wa volti 240 kama ule wa ukutani. Hata kama hakuna kitu kimechomekwa, yenyewe inakula ili ibaki macho. Nyingi za ukubwa kama wake hula kama wati 10. Zinaonekana kidogo, lakini mara saa 24 ni 240. Kile kisanduku chenye feni kilikuwa kinakula karibu maradufu ya tivi, usiku kucha, watu wakiwa wamelala. Jumla ikawa 605.

Na bado hatujaongeza biashara yake ya pembeni. Majirani humletea simu kuchaji, shilingi 20 kila moja, kama simu 15 kwa siku. Tukikadiria wati-saa 12 kwa kila simu, tunapata 180. Jumla sasa ni 785.

Upande wa kuweka je? Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Siku ya kawaida sehemu hizi, yenye jua asubuhi na mawingu mchana, tulikadiria saa nne za jua kamili, kisha tukatoa karibu theluthi kwa sababu ya joto, vumbi, waya na betri yenyewe. Inabaki kama 280.

Anataka kutoa 785, anaweka 280. Hata sisi tungemfungia akaunti.

Kontrola haikuwa adui

Kile kidude chenye taa tatu kati ya paneli na betri kinaitwa kontrola. Mchana kinazuia betri isijazwe kupita kiasi. Usiku, betri ikishuka sana, kinawasha taa nyekundu na kukata umeme. Watu wengi hukichukia. Kwa Mama Duka kilikuwa kinakata karibu kila usiku kabla ya saa tatu, naye akadhani kimeharibika.

Halafu kukaja usiku wa mechi. Kijana mmoja wa boda boda akamwonyesha mtoto wa nyumba jinsi ya kutoa waya za inverta kwa kontrola na kuzishika moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Mechi ilionekana hadi dakika ya mwisho. Ujanja ukapendeza, ukawa desturi. Kila mara taa nyekundu ikiwaka, waya zinahamishwa.

(Inverta kubwa huwa zinafungwa kwa betri moja kwa moja, na ndivyo watengenezaji wanavyoagiza, kwa sababu kontrola ndogo haiwezi kubeba mzigo wake. Hizo zina kikomo chake cha ndani, lakini mara nyingi kikomo hicho kiko chini mno, kama volti 10.5, ambapo betri imekwisha kabisa. Ukiwa na hiyo, kontrola haitakuokoa. Lazima uzime kwa mkono.)

Betri hiyo alikuwa ameinunua kwa shilingi 14,000. Ilikufa baada ya miezi 14. Hiyo ni shilingi 1,000 kila mwezi, karibu 33 kwa siku, kabla hujahesabu paneli wala mafundi. Betri hiyo hiyo ikitunzwa hadi miaka minne, hesabu inashuka hadi kama shilingi 10 kwa siku. Tofauti ni shilingi 23 kila siku, kwa mtu anayeuza mkate na kutoa pesa za watu kwa kamisheni.

Jua la Gusii ni la asubuhi

Wanaouza sola wakitoka Nairobi hukuambia weka paneli mahali penye jua. Asante, lakini jua la wapi na la saa ngapi? Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Asubuhi anga huwa safi. Mchana, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria inapanda kwenye vilima vyetu, mawingu yanajikusanya, na kufikia saa nane au tisa mvua inapiga mabati. Hapa mvua haina likizo ndefu. Mwezi wa tatu hadi wa tano huwa mzito zaidi, kisha inarudi kwa nguvu kuanzia karibu mwezi wa tisa.

Kwa hivyo benki ya jua hapa hufungua asubuhi na hufunga mapema. Ukiwa na paa lenye pande mbili, moja likitazama mashariki na lingine magharibi, weka paneli upande wa mashariki. Magharibi utakuwa unasubiri jua ambalo siku nyingi haliji. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, huna haja ya kuisimamisha sana. Mwinamo mdogo unatosha, na mvua yenyewe itaiosha.

Tulipopanda juu ya paa la Mama Duka (mmoja wetu alipanda, wengine tulishika ngazi) tulikuta jambo lingine. Siku paneli ilipowekwa, mgomba ulio nyuma ya nyumba ulikuwa unafika kiunoni. Sasa umepita mabati. Seli za ndani ya paneli zimeungwa kwa mnyororo, kwa hivyo jani moja la mgomba likifunika kona, huwezi kusema umepoteza kona tu. Unaweza kupoteza nusu ya umeme wote au zaidi. Huku kwetu, ambako kila boma lina migomba, miparachichi na mikaratusi, jipe kazi ya kutazama kivuli kila miezi michache, saa tatu asubuhi. Mama Duka alikata majani matatu. Hiyo haikugharimu hata shilingi.

Kazi nzito pia zihamie asubuhi. Ukichaji simu za watu kati ya saa tatu na saa saba, sehemu kubwa inatoka kwa paneli moja kwa moja bila kupitia kwa betri. Kinyozi afanye vivyo hivyo akiweza. Jioni iachiwe taa na simu ya duka.

Mfuko mkubwa hauongezi pesa

Wazo la kwanza la Mama Duka lilikuwa kununua betri kubwa zaidi, ya 200Ah. Tunaelewa. Taa ikizima, unalaumu betri. Lakini kama unaweka 280 kwa siku, ukiwa na mfuko mkubwa bado una 280. Ubaya zaidi, betri kubwa ya asidi isiyojaa kamwe huharibika ikiwa nusu tupu.

Alichohitaji kwanza ni kupunguza matumizi. Inverta inawashwa kwa saa mbili tu, wakati wa tivi: tivi 50, dekoda 24, inverta yenyewe 20. Taa tatu badala ya nne, saa nne: 60. Simu zinachajiwa kwa tundu la USB la kontrola, bila inverta: 50. Redio 30. Jumla 234, ndani ya ile 280.

Simu za majirani, 180, hazikuingia hapo. Na hizo ni shilingi 300 kwa siku, huwezi kumwambia mtu aache. Kwa hivyo alinunua paneli ya pili ya wati 100, ambayo anasema ilijilipa kwa karibu mwezi mmoja wa kuchaji simu. Sasa siku ya kawaida anaweka kama 560 na kutumia 414. Fundi alilazimika pia kubadilisha kontrola, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ya ampea 10 na paneli mbili zinaweza kuipita. Ukiongeza paneli, soma namba ya kontrola kwanza.

Betri ya gari si betri ya nyumba

Kuna Wazungu wanaosafiri na magari yenye vitanda na jiko ndani, wanalala porini bila kuchomeka umeme popote. Magari hayo hubeba betri za aina mbili. Moja ni ya kuwasha injini, nyingine ni ya nyumba: taa, friji, simu. Hawazichanganyi, na wana sababu.

Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe na injini mara moja. Bamba zake ni nyembamba. Ukiitumia kuwasha taa kutoka saa moja jioni hadi saa nne, kila siku, inachoka ndani ya miezi. Betri ya sola ina bamba nene zinazovumilia kushuka na kupanda. Wazee wanakumbuka miaka ya kubeba betri ya gari kwa baiskeli au matatu hadi mjini ichajiwe ili watu waone tivi wikendi. Ilifanya kazi kwa sababu hakukuwa na nyingine. Leo, betri ya gari kwa nyumba ni urahisi wa siku moja tu.

Lithiamu nayo? Ni nzuri, na hatulipwi kusema hivyo. Inaruhusu kutumia karibu asilimia 80 ya kilichoandikwa, haihitaji kuongezwa maji, na inavumilia mizunguko mingi zaidi, hata 2,000 na kuendelea kwa iliyotengenezwa vizuri. Bei yake iko juu, na lazima kontrola iwe inayoielewa. Ukiwa na uwezo, piga hesabu ya shilingi kwa siku kama tulivyofanya hapo juu, usiangalie bei ya dukani peke yake.

Kipimo cha asubuhi

Angalia salio la betri kama unavyoangalia salio la simu. Mita ya kupima volti inauzwa mjini Kisii kwa bei isiyofika ya jogoo mzuri. Pima alfajiri kabla jua halijafika kwa paneli, kila kitu kikiwa kimezimwa kwa muda. Kwa betri ya asidi ya volti 12, ukisoma kama 12.7 imejaa. Karibu 12.2 iko nusu. Chini ya 12 umeshakopa, na riba yake utailipa. Andika namba hizo kwa wiki mbili na utaijua nyumba yako kuliko fundi. Kwa lithiamu kipimo hiki hudanganya, maana volti zake hazibadiliki sana hadi inapokaribia kuisha.

Kama betri yako ina vifuniko vya kuongezea maji, fungua kila mwezi. Maji yakishuka, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa kiwandani. Maji ya chemchemi zetu ni matamu kunywa, lakini yana madini, na madini hayo yanaua betri. Maji ya mabati pia, hapana. Usiongeze asidi. Ongeza betri ikiwa imeshajaa chaji, isipokuwa bamba zikionekana kukauka. Hapo ongeza kidogo zizame, ndipo uchaji.

Usiiweke chini ya kitanda wala jikoni kwenye moto wa kuni. Ikichajiwa, betri ya aina hii hutoa hewa inayoweza kushika moto. Na lile jambo la mafundi kusema sakafu ya simiti hunyonya chaji? Lilitoka enzi za masanduku ya mbao na raba. Plastiki ya siku hizi hainyonywi na simiti. Weka kwenye ubao tu ili unyevu usifike kwa vichwa vyake.

Radi ni suala lingine, na Gusii tunalijua vizuri, tumezika watu. Mwambie fundi aweke waya wa ardhini kwa fremu ya paneli. Ukiona mawingu mabaya yanakuja, fuata utaratibu wa fundi wako, chomoa tivi na dekoda mapema. Radi ikishaanza kupiga, usiguse waya wowote. Tivi inaweza kununuliwa tena.

Kabla hujaweka PIN

Betri nyingi sehemu hizi hununuliwa mwezi wa kumi, bonasi ya chai ikiingia. Wauzaji wanajua hilo pia.

Ukifika dukani, tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye betri. Betri ya asidi iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuzeeka hata kama inang'aa. Omba ipimwe volti mbele yako. Ikisoma chini ya 12.4, iache hapo. Inyanyue: yenye wepesi wa kushangaza kuliko nyingine ya namba ile ile, ina sababu yake. Fundi muulize leseni ya EPRA. Kenya ina kanuni za sola tangu 2012 zinazotaka mafundi wawe na leseni, na kumwomba mtu akuonyeshe si kumtukana.

Sasa upande wetu. Lipa kwa namba ya biashara ya duka, si kwa simu ya kibinafsi ya "kijana wetu". Jina likitokea, lisome kabla ya kuweka PIN. Kama duka lina jina moja na skrini inaonyesha lingine, uliza, foleni ingoje. Ujumbe wa malipo usiufute. Piga picha skrini, na uhakikishe namba ya betri na tarehe vimeandikwa kwa karatasi ya waranti. Betri ikifa mwezi wa nane, huo ujumbe ndio shahidi wako. Tumepokea simu za wateja waliotuma pesa zote kwa fundi ili "awapitie mjini", na pesa zikishatolewa kwa wakala mwingine, kuzirudisha huwa vigumu sana. Tuma nusu, au twende pamoja. Anayekasirika kwa hilo amekujibu.

Kwa wale wa lipa pole pole, mtindo ambao M-KOPA ilianza kuuza nao sola nchini mwaka 2012, kagua namba ya akaunti kila unapolipa, kisha uliza bei ya jumla ukimaliza kulipa yote na uilinganishe na bei ya taslimu. Ukipata malipo ya chai, lipa siku kadhaa mbele.

Na weka shilingi 10 kwa siku kando kwa ajili ya betri ijayo. Kwa mwaka ni 3,650. Kwa miaka minne ni 14,600, na betri ya Mama Duka ilikuwa 14,000.

Wenye stima nao

Nguzo zimefika mbali tangu 2015, ada ya kuunganishiwa ilipopunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Lakini usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kama una betri ya dharura, kosa lako ni tofauti na la Mama Duka: unaisahau. Betri ya asidi iliyoachwa kando hupoteza chaji yenyewe. Ijaze angalau kila miezi miwili, mitatu, hata kama hukuitumia.

Betri ikifa kabisa, usiwape watoto waivunje, na usimwage asidi kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Ndani kuna risasi, ile metali, nayo ni sumu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za zamani. Watoto waliugua, watu walikufa, Phyllis Omido akapigana miaka mingi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri nyingi kuukuu za nchi hii zina risasi hiyo hiyo. Irudishe kwa duka la betri. Maduka mengi hukupunguzia bei ya mpya ukileta ya zamani.

Tulipopita tena kwa Mama Duka, kulikuwa na karatasi imebandikwa kando ya kaunta kwa mwandiko wa mtoto: INVERTA SAA MOJA HADI SAA TATU. Simu ya duka ilikuwa imejaa, na kando yake kulikuwa na simu saba za majirani zinachaji. Kijana wake mkubwa hajafurahi, kwa sababu mechi nyingi hazijaisha saa tatu. Wameelewana hivi: usiku wa mechi inverta inakaa hadi saa tano, na kesho yake hakuna tivi kabisa. Tulimuuliza betri ilisoma ngapi alfajiri hiyo. Hakuhitaji kufungua daftari.

"Kumi na mbili nukta tano," akasema, "na jana ilinyesha."